Jinsi ya Kufaulu IELTS Ukiwa Dunguni

Tafuta kitabu cha sarufi. Cha fotokopi kinatosha, hata kama mwenye mashine aliishia ukurasa mmoja kabla ya majibu. Panda nacho dunguni, maana mpunga ukishakomaa ndege hawajali kwamba una mtihani Dar es Salaam. Soma sentensi, piga ukelele, rusha teo, rudi kwenye sentensi.

Anza na nomino zisizohesabika. Sisi wa Kibiti tunalima mpunga, tunakoboa mchele, tunakula wali, na chenga tunazipikia uji. Kitabu kitakwambia zote ni "rice", na hairuhusiwi kuwa na wingi. Usibishane. Bibi akishangaa kwamba Waingereza wanakula mpunga, mwambie ni watu wa haraka. Habari za mkandaa, mchu, msinzi na mkomafi usizigusie kabisa. Kwao yote ni "mangrove", yamekwisha.

Sasa "the". Itakutoa jasho, lakini shukuru. Julai 1915 manowari za Kiingereza ziliitwanga meli ya Kijerumani Königsberg humu humu deltani mpaka Wajerumani wakaizamisha wenyewe. Wangeshinda wao, leo ungekariri der, die na das, kila moja na nomino zake, na ndege wangekuwa wamemaliza jaruba zima.

Kwenye nyakati tembea kifua mbele. Ukifika Nyamisati ukaambiwa boti ya Mafia imeondoka, mgongo wake bado unauona na nauli ingali mkononi: hiyo ni "has left". Ukiambiwa iliondoka jana, ni "left". Tafuta pa kulala. Kitabu kinatumia kurasa tisa kuyaeleza hayo, na hakina hata gati.

Mazungumzo na mtahini ni dakika 11 hadi 14. Akikuuliza kwenu kukoje, usianze na ukoo. Insha ya pili isipungue maneno 250, na ukipata alama vinazotaka vyuo, wahi: matokeo yana uhai wa miaka 2, kisha Kiingereza chako huhesabiwa kimechacha, kama tui la juzi.

Jioni mama atakuja, atasimama chini ya ngazi, ataangalia masuke matupu.

"Mwanangu, ndiyo nini hii?"

Funga kitabu, shuka taratibu, mjibu: "The rice has been eaten, mama." Kauli ya kutendwa ina uzuri wake: haimtaji aliyekuwa zamu.