Mpaka Nao Ujaze Fomu

KWA: Mheshimiwa Msajili wa Leseni za Udereva
KUH: KUBADILISHA ANWANI, YANGU NA YA WENGINE

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Busia, upande wa Uganda, kwenye nyumba ya mabati mekundu unayoikuta ukishaipita gereji na kabla hujafika kwa mama wa chapati. Hiyo ndiyo anwani kamili. Nyumba haina namba, na barabara kila mtu anaiita ajuavyo.

Kisa chenyewe ni kifupi. Nilikuwa nimepanga Tororo, chini ya lile jabali ambalo hata mgeni wa mara ya kwanza halimpotei. Kodi ikapanda, nikapakia kitanda, jiko na kuku kwenye pikapu, nikashuka Busia. Afisa wako akaniambia, kwa upole ambao sikuutarajia saa hiyo ya mchana, kwamba leseni yangu ya udereva imeanza kusema uongo. Faili linaonyesha niko Tororo, ilhali mimi nimesimama mbele yake nikidai niko Busia. Kati ya mtu na faili, ofisi huliamini faili. Sikubishana. Mtu husahau, faili halisahau.

Nikasomewa masharti. Nilete barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, la nilikotoka, ikithibitisha kwamba sipo tena. Nilete na barua ya mwenyekiti wa LC1 wa nilikofika, ikithibitisha kwamba nipo. Picha za pasipoti za hivi karibuni, nadhani ili mjue kama kuhama kumenibadilisha sura. Nakala ya kitambulisho, stakabadhi ya benki. Mwenyekiti wa Tororo aliuliza atathibitishaje kwamba mtu hayupo wakati mtu mwenyewe amekaa kwenye benchi lake. Swali zuri. Tukakubaliana nitoke nje. Nikatoka, akachungulia dirishani, akaona kweli benchi ni tupu, akagonga muhuri. Wa Busia naye alisema hawezi kumwandikia barua mtu asiyemfahamu, na kunifahamu kulihitaji soda, kisha soda ya katibu, kisha soda ya mzee mmoja aliyekuwa amekaa tu hapo.

Simlaumu mwenyekiti. Kiti chake kina historia. Wenyeviti wa LC1 walipochaguliwa Julai 2018, ulikuwa uchaguzi wa kwanza wa ngazi hiyo tangu 2001. Kwa miaka mingi kati ya hiyo 17, Waganda walithibitishiwa makazi yao na watu ambao muda wao wenyewe ulikuwa umekwisha zamani, na hakuna nyumba iliyoanguka kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo silalamiki, Mheshimiwa. Ninachoomba ni haki sawa. Ikiwa mtu aliyehama kutoka Tororo hadi Busia lazima ajaze fomu, basi kila aliyehama katika eneo hili ajaze. Nimefanya utafiti kidogo nikiwa kwenye foleni yenu, maana muda ulikuwepo, na nimegundua kwamba mhamaji mkubwa kuliko wote hapa hajawahi kuguswa. Namaanisha mpaka.

Mpaka wa Kenya na Uganda haukuzaliwa hapa. Mwanzoni mwa karne iliyopita ulikuwa unakaa huko Bonde la Ufa, na Kisumu, Nakuru na Naivasha zote zilikuwa ndani ya Himaya ya Uganda. Halafu tarehe 1 Aprili 1902, siku ambayo Waingereza kwao hupumbazana, Jimbo la Mashariki la Uganda likakabidhiwa kwa Himaya ya Afrika Mashariki, ile ambayo leo ni Kenya. Sababu ilikuwa reli. Ilikuwa imefika Kisumu mwishoni mwa 1901, na wakubwa waliona ni usumbufu reli moja kupita chini ya tawala mbili. Badala ya kuihamisha reli, wakauhamisha mpaka. Matokeo yake, Reli ya Uganda, kwa jina lake hilohilo, ikabaki bila hata hatua moja ya chuma iliyolala katika ardhi ya Uganda. Hakuna aliyeiambia jina lake linasema uongo.

Nimejitolea kuujazia mpaka fomu, kwa kuwa hauna mkono. Anwani ya zamani: upande wa Naivasha. Anwani mpya: mto Sio, kisha mto Malaba, kisha mlima Elgon. Sababu ya kuhama: kuifuata treni. Barua ya mwenyekiti wa LC1 wa Naivasha: haikuletwa. Barua ya mwenyekiti wa LC1 wa Busia: haikuletwa. Stakabadhi ya malipo: hakuna. Saini: iliwekwa London. Picha mbili za pasipoti nimeshindwa kuzipata, na hapa ofisi yako itanisaidia, kwa sababu mpaka ukiupiga picha mchana kweupe unaona watu tu wanavuka na magunia. Maelezo rasmi ya makazi yake mapya yalikuja kuandikwa vizuri katika Amri ya mwaka 1926, yaani ulikaa miaka 24 bila kuhuisha taarifa zake. Sijui faini ya kuchelewa ofisini kwako ni kiasi gani. Naomba ipigwe kwa pauni.

Yupo na mwingine aliyejaribu kuuhamisha. Februari 1976, Idi Amin alitaka kuurudisha mpaka kwenye anwani ya zamani. Alitangaza kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, kihistoria ni ya Uganda. Kwa maneno mengine, alitaka kutubadilishia anwani sisi na shemeji zetu wote kwa hotuba moja. Kenya ikachachamaa, jambo likaishia hapo. Nadhani aliambiwa alete barua mbili.

Sasa tuje kwa wasiohama. Chukua mzee aliyezaliwa Masafu wakati wa mkoloni na ambaye hajawahi kulala nje ya boma lake ila kwenye matanga. Alizaliwa wilaya ya Bukedi. Akaamka siku moja yuko wilaya ya Tororo. Mwaka 1991 Pallisa ikajikata kutoka Tororo, yeye akabaki. Mwaka 1997 ikawa zamu yake, Busia ikawa wilaya, na mzee akahamia huko bila kunyanyua hata kigoda. Mwaka 2005 Butaleja nayo ikaondoka Tororo, lakini hiyo haikumhusu, alikuwa ameshaenda. Ng'ambo ya mpaka, kwa Wakenya, Wateso walitolewa Busia wakapewa wilaya yao miaka ya 1990, kisha Katiba ya 2010 ikawarudisha wote ndani ya Kaunti moja ya Busia. Mtu wa Amagoro ameondoka Busia na kurudi Busia, na ng'ombe wake hawajui lolote. Kwa watu hawa wote serikali ilihama na anwani zao usiku wamelala, na asubuhi ikawadai nauli.

Na habari haijaisha. Huko Tororo nilikotoka, mjadala wa kuigawa wilaya kati ya Wateso na Wajapadhola umeendelea miaka mingi, na kinachowashinda kukubaliana zaidi ni manispaa ya Tororo ibaki kwa nani. Kwa hiyo, Mheshimiwa, ile barua ya kwanza uliyonidai, ya kuthibitisha kwamba nimeondoka Tororo, huenda siku moja ikathibitisha kwamba nimeondoka mahali ambapo Tororo nayo imeondoka. Tafadhali itunze vizuri.

Afisa wako aliniambia pia kwamba ningeweza kujaza taarifa zangu kwa kompyuta, ila siku hiyo mtandao ulikuwa umeenda. Hili nalikubali bila kinyongo. Tororo imo katika vitabu vya rekodi kwa ngurumo: wastani wa siku 251 za radi kwa mwaka katika muongo wa 1967 hadi 1976. Karani wa Tororo akikuambia mtandao umeenda, walau mbinguni kuna ushahidi. Karani wa Kampala anaposema hivyohivyo na jua linawaka, huyo mwulize.

Usidhani upande wa pili ni bora. Shemeji yangu anaishi Busia ya Kenya, tukisimama kila mmoja uani kwake tunaweza kusalimiana kwa sauti. Yeye hatakiwi barua ya LC1, anatakiwa barua ya chifu, na chifu naye humtaka aanze kwa naibu wa chifu, na naibu humtaka aanze kwa mzee wa kijiji. Halafu fomu inamwuliza sanduku la posta. Shemeji hana sanduku. Anatumia la shule ya msingi aliyosoma, pamoja na nusu ya kijiji, akiandika Busia 50400 kwa mwandiko mzuri. Mwalimu mkuu wa shule hiyo ndiye mtu pekee katika kata anayejua siri za kila nyumba, kwa sababu barua zote za benki hupitia mezani kwake.

Hata hivyo naona serikali zetu mbili zikiamua, zinaweza kuishi bila anwani moja. Februari 2018, Marais Kenyatta na Museveni walifungua rasmi hapa Busia kituo cha pamoja cha mpakani. Ukitoka Kenya, unagongewa mihuri yote miwili upande wa Uganda. Ukitoka Uganda, upande wa Kenya. Maana yake afisa wa Kenya anaamka kwake, anavuka, anashinda siku nzima akitekeleza sheria za Kenya kwenye ardhi ya Uganda, jioni anarudi. Iko sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, inayomruhusu. Yaani sheria za nchi nzima zimepewa ruhusa ya kwenda kulala jirani, lakini kitanda changu kutoka Tororo kinahitaji mihuri miwili.

Na madereva wa matrela pale mpakani Malaba? Hao ndio ningependa kuona mnavyowajazia fomu. Mwaka 2020, wakati wa korona, waliwekwa kusubiri majibu ya vipimo mpaka foleni ikafika kilomita nyingi kurudi ndani ya Kenya. Walipika hapo, walifua hapo, wengine walizoeleka na kufungua madeni kwa wauza mboga. Mtu mwenye deni la sukuma wiki mahali fulani, kwa kanuni yoyote ile, ni mkazi wa mahali hapo. Andikeni: foleni ya Malaba, nyuma ya tangi la mafuta, mbele ya saruji.

Ombi langu basi ni dogo. Ile nafasi mliyoacha kwenye fomu kwa ajili ya kijiji, muluka, gombolola na wilaya, iandikwe tu: nani anamfahamu mwombaji? Hapo niandike jina la kijana yeyote wa bodaboda wa stendi ya karibu. Kazi yao ilizaliwa hapahapa mpakani miaka ya 1960, kwa baiskeli, wakivusha watu kati ya kituo cha Kenya na cha Uganda, na tangu wakati huo hawajampoteza mtu. Wanajua nani amehama usiku na nani amehama kwa deni. Wapeni wao muhuri. Hawatataka soda, watataka nauli, na nauli mnapatana kabla ya safari, kitu ambacho sijakiona kwenye ofisi nyingine yoyote.

Wakati mnalifikiria hilo, leseni yangu bado iko kwenu, na mimi bado naendesha kwa kikaratasi ambacho mvua ya juzi imekifuta jina. Jibu lenu likiwa tayari, msilitume kwa posta. Tokeni langoni, mwiteni kijana wa kwanza mwenye pikipiki, mwambieni ni la yule dereva aliyetoka Tororo. Nauli nitamlipa mimi akifika, kwa shilingi ya Uganda au ya Kenya, zote anachukua.

Wako mtiifu,
Mwombaji