Chura wa Ndala

Mke wangu ana ndala moja. Ni ya kulia, ya kijani, na ameiweka juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo mgeni akiingia lazima aulize. Akiuliza, mke wangu humjibu, "Muulize baba watoto." Nimesimulia mpaka nimechoka. Naandika ili mgeni ajaye apewe karatasi asome mwenyewe, na mimi ninywe chai yangu.

Yote yaliletwa na simu. Mwaka huo nilipewa likizo mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, na karani wa ghala asiye na mifuko ya saruji ya kuhesabu ni mtu wa hatari. Nikawa nashinda YouTube. Siku moja nikamkuta Mmarekani mmoja kasimama kwenye boti, katikati ya majani, anamsifia samaki kwa jina ambalo masikioni mwangu lilikuwa "basi". Dakika mbili nzima nilidhani jamaa anasubiri usafiri. Kumbe ndiye bass, samaki ambaye wazungu walimleta hata Naivasha, hapo Kenya, miaka ya 1920, na mpaka leo yumo. Maelezo yake yalikuwa matamu: jua likiwa kali, samaki hujificha kwenye kivuli cha majani. Unatupa chura wa mpira juu ya majani, unamvuta taratibu, unamtikisa, unamtuliza, mara pwaa! Samaki anapasua majani na chura wako yumo mdomoni.

Sisi Mwanza bass hatuna. Tuna sangara, anayeweza kufika kilo 200, samaki wa kumvuta mvuvi na ukoo wake. Na kama suala ni majani, kwetu Mkuyuni tungeweza kumuuzia Mmarekani yule kwa tani.

Majani yenyewe ni gugu maji, na kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazon. Watu walilisambaza duniani kwa kupenda ua lake la zambarau, wakalipanda kwenye vidimbwi vya bustani kama pambo. Ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 1990 lilikuwa limeshaingia Ziwa Victoria, jingine likiteremka na Mto Kagera. Likipata maji yenye rutuba linaongezeka maradufu kwa wiki moja au mbili, na sisi watu wa mjini hatujawahi kulinyima rutuba: mvua ikinyesha tu, mitaro yote inapeleka ziwani siri zetu za wiki nzima. Hata mikopo ya kausha damu haizai hivyo. Katikati ya miaka ile ya 1990 waliletwa mbawakavu wadogo wenye asili ya huko huko kwao walitafune, na kweli likapungua sana. Lakini mbegu zake hulala kwenye tope miaka na miaka. Gugu maji likiondoka linaondoka kama shemeji aliyeacha begi.

Basi nikatafuta chura. Madukani hakuna. Nyumbani, nje ya mlango wa bafu, kulikuwa na ndala za kijani, laini, zinazoelea. Nikachukua ya kushoto. Kwa wembe na subira nikatoa chura mwenye miguu minne na macho mawili ya vifungo vya shati, nikamfunga ndoano tumboni. Kusema kweli alipendeza. Nikaazima na futi ya fundi cherehani, kwa sababu sheria inakataza kuvua sangara aliye chini ya sentimita 50, na mimi ni raia mwema.

Alfajiri nikateremka ufukweni kwa mzee mmoja mwenye mtumbwi.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba, ngosha. Leo umeamkia huku?"

Nikamlipa ya siku nzima, taslimu, ndipo nikamwonyesha zana yangu. Aliigeuza, akainusa.

"Hiki nini?"

"Chura."

"Chura wa nani?"

"Wa sangara."

Akanyamaza. Nikaona kakubali. Siku hizi najua kwamba mzee wa ziwani akinyamaza baada ya kulipwa, hajakubali chochote. Anahesabu tu.

Saa kumi na mbili ile maji yalikuwa meupe, gugu limesogea mbali na ufukwe kama zulia lililokunjwa. Tukalifuata. Mtupo wangu wa kwanza ulinasa kofia ya mzee. Wa pili ulinasa koti lake. Wa tatu chura akatua juu ya gugu kwa unyenyekevu wa kupigiwa makofi, nikaanza kumvuta kama nilivyofundishwa: mtikise, mtulize. Yangeyange mmoja aliyekuwa akitembea juu ya majani akaja, akamdonoa mara moja, akamtema. Kisha akageuza shingo akanitazama. Nimewahi kutazamwa na wakaguzi wa hesabu, lakini si kwa jicho lile.

Kwa aibu nikavuta mshipi kwa nguvu, na ndoano ikazama kwenye mizizi. Mizizi ya gugu ni kama nywele ambazo hazijachanwa tangu uhuru. Nikasimama, nikakita miguu, nikavuta kiume. Ajabu ni kwamba gugu halikuja kwetu. Sisi ndio tuliokwenda kwa gugu, taratibu, mtumbwi na vyote vilivyomo, mpaka tukaingia katikati yake. Nikaendelea kuvuta, maana niliona kama chura anakaribia.

Saa nne ikafika, na upepo ukabadilika. Mkazi wa Mkuyuni ningepaswa kulijua hili: usiku upepo hutoka nchi kavu na kulisukuma gugu kwenda ziwani, jua likipanda nchi inapata moto, upepo unatoka ziwani na kulirudisha. Gugu lina ratiba kuliko daladala. Likarudi lote, mbele, nyuma na ubavuni, likajibana mpaka kasia halikupata maji. Mzee akakata mshipi kwa kisu, akaweka kasia chini, akavuta kofia yake yenye tundu usoni.

"Sasa?" nikauliza.

"Sasa tunakaa."

Wasioijua Mkuyuni niwaambie: nyumba zetu zimepanda vilima vya mawe, moja juu ya bega la nyingine, na zote zinatazama ziwani. Ni uwanja wa mpira wenye jukwaa upande mmoja, na siku hiyo uwanjani tulikuwa wawili. Simu ikaita.

"Baba watoto, uko wapi?"

"Niko huku huku."

"Huku wapi?"

"Karibu tu na nyumbani."

"Nakuona."

Nikainua macho. Kweli, alikuwa amesimama kando ya kamba ya nguo, mkono kiunoni. Pembeni yake mwanangu wa pili alikuwa na wenzake kama kumi, anawaelekeza kwa kidole. Baadaye nilisikia kiingilio kilikuwa karanga. Huku upepo ukipumzika kidogo, tulisikia makonda kule barabara kubwa wakiita, "Nyegezi! Buhongwa!" Nikamkumbuka Mmarekani wangu. Sasa mimi ndiye niliyekuwa nalitamani basi.

Saa sita tumbo langu likaanza madai ambayo hayasemeki mbele ya mtu mzima. Nikatazama lile gugu: kijani, tambarare, limebana, kama uwanja wa kumpigia bibi harusi picha. Nikajiambia hili linatembeleka, mbona yangeyange anatembea. Nikashusha mguu wa kulia. Ulikwenda hadi pajani, na ulipotoka ulikuwa na matope, konokono watatu na kiatu hakuna. Mzee hakuinua kofia. Alisema tu, "Hao konokono ndio wenye kichocho."

Mchana ule, kwa kukosa la kufanya, alitoa kipande cha furu kwenye kopo, akakitundika kwenye ndoano, akapenyeza mshipi kwenye tundu dogo kati ya majani, akaushika kwa vidole viwili. Haikuchukua muda. Akavuta kitu kirefu, kinene, kijivu, chenye sura ya mtu aliyeamshwa kusaini hati. Kamongo.

"Na sangara je?" nikauliza.

Ndipo akaniambia alichokijua tangu alfajiri, na naomba mkumbuke kwamba nilikuwa nimelipa.

"Ngosha, chini ya gugu ni kama chumba walicholala watu kumi, dirisha limefungwa. Hewa hakuna. Sangara anataka maji yenye hewa, hapa hakai. Wanaokaa ni huyu na kambale, maana wao wanapanda juu wanavuta hewa kama mimi na wewe. Kamongo ana mapafu kabisa."

"Mbona hukuniambia asubuhi?"

"Ulisema chura ni wa sangara. Hukuniuliza sangara yuko wapi."

Kamongo akahema ndani ya mtumbwi, kwa sauti, akanitazama. Kati yetu watatu yeye ndiye aliyekuwa na sababu ya kuwa pale.

Jua lilipokaribia kuzama upepo ukalegea, gugu likalainika, mzee akaamka kama aliyepigiwa kengele, akaanza kufungua njia kwa panga na kasia. Tulifika ufukweni giza limeshika. Watazamaji walikuwa wamepungua, nadhani karanga ziliisha. Mzee alichukua kamongo wake, nami nikapanda mawe na futi ya fundi ambayo haikupima kitu.

Nyumbani palikuwa na ugali na dagaa. Nilikula mguu mmoja ukiwa na kiatu. Mke wangu hakusema neno mpaka nilipomaliza, ndipo akauliza, kwa upole wa kutisha, ndala yake ya kushoto iko wapi. Nikaanza na Mmarekani, nikapita Naivasha, nikaingia Amazon. Aliinua kiganja. "Basi," akasema. Mara ya tatu neno hilo linanipata, na ndiyo iliyouma.

Kituo cha afya waliniambia nirudi baada ya wiki sita, kwa kuwa dawa ya kichocho huua minyoo iliyokwisha kukomaa, michanga inaiacha. Nikarudi. Walinipima uzito, wakahesabu, wakanipa vidonge vitano kwa mpigo, vichungu kama ushauri wa bure. Muuguzi aliuliza niliingiaje majini. Nikamwambia nilikuwa natembea.

Ndala zilinunuliwa nyingine, nyekundu, na mimi siruhusiwi kuzigusa. Ile ya kijani ikabaki juu ya kabati ikimsubiri mwenzake. Alfajiri iliyofuata siku ile ya mtumbwi nilichungulia ziwani: upepo wa usiku ulikuwa umelibeba gugu lote, limetoweka na chura wangu. Kwa hiyo ndugu zangu wa Sengerema, Kome na Ukerewe, mkiona gugu linapita na juu yake kuna chura wa kijani mwenye macho ya vifungo vya shati, mshikeni kwa tahadhari. Tumboni ana ndoano, na mwenyewe anadaiwa Mkuyuni.