Namna ya Kuzikagua Nyumba za Watu Lamu Wakati wa Maulidi

Mfungo Sita ukikaribia kwisha, Lamu hufurika. Watu huteremka kwenye mabasi Mokowe na kwenye ndege Manda, wakavuka maji kwa boti, na kila nyumba hulaza jamaa mpaka ukumbini. Wengi wao wanafuata Maulidi ya msikiti wa Riyadha, ulioanzishwa na Habib Swaleh, mzaliwa wa Komoro. Wewe hukufuata hayo. Umesikia kuna nyumba za kale zenye nakshi, na umeazimia kuzipitia zote kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Umefanya vyema kutafuta ushauri.

Njoo na sanduku kubwa la magurudumu. Mjini hakuna teksi, kuna punda na vichochoro, na sanduku hilo litakwama kwenye mchirizi wa kwanza. Likikwama, simama katikati ya njia ulitafakari. Nyuma yako utasikia mtu akipaza sauti, “Simile! Simile!” Mjibu, “Asante sana!” kwa tabasamu, wala usisogee. Punda aliyebeba mchanga hana haraka. Wiki hiyo hiyo atashindana mbio mbele ya umati wa watu, basi mwache apumzike.

Ngome ya uwanjani usiipe muda. Ilikamilika mwaka 1821 na iko wazi kwa yeyote mwenye kiingilio, kwa hiyo haina utamu. Hadi 1984 ilikuwa gereza. Enzi hizo kuingia kulikuwa bure, ila kutoka ndiko kulikokuwa na masharti.

Nenda moja kwa moja mtaa wa Mkomani, na ukifika, lalamika. Uliahidiwa mapambo, na mbele yako kuna kuta ndefu za mawe ya matumbawe na chokaa, tupu, hazina hata dirisha la kuchungulia. Muungwana wa karne ya 18 aliweka nakshi zake ndani, mtaani akaacha mlango tu. Huo mlango uupige picha nyingi. Muulize kijana anayekutembeza mlango huo una umri gani. Akisema miaka hamsini, sikitika mpaka apandishe. Akikutajia Muhamadi Kijuma, malenga na mwandishi wa hati aliyefariki 1945, ambaye pia alichonga milango, uliza duka lake liko wapi na kama anapunguza bei.

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe, kuingia. Mbele ya mlango kuna daka, lenye mabenchi ya mawe huku na huku. Hapo ndipo mwenye nyumba alipompokea mtu asiyemfahamu vizuri: akamkalisha, akampa kahawa, akasikiliza shida yake, akamuaga. Nyumba nzima imejengwa kwa hesabu hiyo. Ukipita mlango kuna tekani, ukumbi wa kuingilia, na njia inakata kona ili jicho la mpita njia lisifike kiwandani, yaani kwenye ua wa ndani. Baada ya kiwanda kuna kumbi ziitwazo misana, mmoja nyuma ya mwingine, na nyuma ya misana kuna ndani, chumba cha faragha kuliko vyote. Waashi walitumia akili nyingi sana kukuzuia, na kwa kweli kazi yao ni safi. Wewe umelipa nauli.

Desturi ni kupiga hodi mara tatu, usipojibiwa urudi ulikotoka. Piga ya kwanza ukiwa umeshavuka kizingiti. Bibi mwenye nyumba atasema, “Karibu, mwanangu,” kwa sababu adabu yake haimruhusu kusema neno lingine. Lichukue neno hilo kama hati ya umiliki. Pita na viatu. Ukiona zidaka, zile safu za vishubaka vya plasta iliyochongwa ambamo wazee walipanga sahani za Kichina, weka humo chupa yako ya maji na miwani ya jua, vinakaa vizuri. Vyumba utaviona vyembamba. Dari imelala juu ya boriti za mikoko, na upana wa chumba hauwezi kuzidi urefu wa boriti, kiasi cha mita 3. Mshauri bibi abomoe ukuta mmoja. Yeye wakati huo anawavisha wajukuu kanzu za maandamano ya zefe, na pilau liko motoni. Mwombe asogee kidogo, anaingia kwenye picha.

Nje utasikia matari. Wachezaji wa ngoma ya goma wamejipanga kwa kanzu nyeupe na bakora mkononi, wakiyumba polepole kama mawimbi ya maji kujaa. Pita katikati yao, ndiyo njia fupi ya kurudi hotelini.

Kabla ya kuondoka, uliza bei ya nyumba. Usione haya, wengi wameuliza kabla yako na baadhi walijibiwa, hasa kule kijiji cha Shela. UNESCO iliuweka mji huu kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na sifa mojawapo ni kwamba watu hawajawahi kuacha kuishi humo. Wewe unaweza kulirekebisha hilo. Nunua, paka rangi, kaa wiki mbili za Desemba, kisha funga kwa kufuli. Majirani wachache wakifuata mfano wako, mtaa utatulia kabisa, na hakutakuwa na bibi wa kuharibu picha.

Ikiwa mambo haya yanakuchosha, Lamu ina Makumbusho ya Nyumba ya Mswahili, nyumba ya karne ya 18 iliyowekwa kwa ajili ya wageni. Ina zidaka, ina misana, na ukishalipa kiingilio unaruhusiwa kufika mpaka ndani kabisa. Hakuna anayelala humo. Nyumba nyingine zina wenyewe.