Nyimbo Saba Zilizowalea Wajapani Waliotuuzia Magari

Gari langu la mtumba lilishuka bandarini likiwa na vitu vitatu ambavyo sikuvilipia: redio inayogota kwenye 90 FM, mwanamke anayenisemesha Kijapani kila nikiwasha, na CD iliyonasa kwenye redio ikakataa kutoka. Mwaka mzima nilidhani yule mama ananitakia safari njema. Kumbe ananikumbusha kwamba sijachomeka kadi ya kulipia barabara! CD nayo nilikuja kuijua, na ndiyo iliyonitia ugonjwa huu wa kufuatilia nyimbo ambazo wenye magari wa kwanza walibalehe nazo. Hizi hapa saba, kutoka chini kwenda juu. Mbishi aandae hoja zake mapema.

7. "Oyoge! Taiyaki-kun" – Masato Shimon (1975)

Taiyaki ni binamu wa kitumbua: ana umbo la samaki, na tumboni kajazwa maharage matamu yaliyopondwa. Humu kitumbua chenyewe ndicho mhusika mkuu. Kimechoka kubabuliwa kwenye chuma kila siku, kinagombana na mwenye duka, kinatorokea baharini, kinaogelea kwa raha zake, kisha kinaishia kwenye ndoana ya mvuvi, na mvuvi anakitafuna. Wimbo wa watoto, ati! Ulitoka kwenye kipindi cha watoto cha televisheni, lakini akina baba wa maofisini walijiona humo wazima wazima. Uliuza nakala zaidi ya milioni 4.5, na hakuna singo nyingine Japani iliyoufikia. Mwimbaji alikuwa ameshalipwa yen 50,000 kwa mkupuo, basi. Hapo ndipo kitumbua kilipoingia mchanga.

6. "UFO" – Pink Lady (1977)

Wasichana wawili, Mie na Kei, nguo za kumetameta, wanamwimba mpenzi aliyetoka sayari nyingine. Angalau huyo ana sababu ya kutopatikana kwenye simu. Ulishinda tuzo kuu ya rekodi ya Japani mwaka 1978, na watoto wa nchi nzima waliukariri kwa mikono kabla ya kuukariri kwa mdomo. Ukimkuta Mjapani wa miaka 55 harusini, omba upigwe, halafu tazama mkono wake unavyopita nyuma ya kichwa wenyewe.

5. "Aoi Sangoshō" – Seiko Matsuda (1980)

Jina linahusu matumbawe ya buluu, ila wimbo ulipenya majumbani kwa tangazo la aiskrimu. Wasichana wakaingia saluni na ombi moja tu: nikate kama Seiko. Ukitazama picha za shule za miaka ile utadhani darasa zima lina mama mmoja. Wavulana nao walimpenda, na penzi lenyewe likaja kulipuka upya Juni 2024, pale Hanni wa kundi la Kikorea la NewJeans alipouimba Tokyo Dome. Baba mwenye mvi aliyekuja kumsindikiza binti akajikuta yeye ndiye anayepiga kelele.

4. "15 no Yoru" – Yutaka Ozaki (1983)

Kijana wa miaka 15 anatoroka usiku kwa pikipiki ya wizi. Kwetu hadithi hii ingekwisha kwenye kona ya kwanza, mikononi mwa bodaboda wenye hasira. Japani ikawa sauti ya kizazi kilichosongwa na sare, mitihani na walimu wanaokagua nywele. Ozaki mwenyewe alikuwa na miaka 18. Mwaka 1985 akatoa "Sotsugyō", yaani kuhitimu, ambamo vioo vya shule vinavunjwa bila huruma. Alifariki Aprili 1992 akiwa na miaka 26, na maelfu walipanga foleni kwenye mvua nje ya hekalu la Gokokuji, Tokyo, kumuaga. Waliokuwa wakimwimba kwa hasira leo ndio walimu wakuu. Kioo kikivunjwa, wanamwita mzazi.

3. "Sayonara no Mukōgawa" – Momoe Yamaguchi (1980)

Hapa tuheshimiane kidogo. Momoe alianza kuimba akiwa na miaka 14. Alipofika 21, akiwa kileleni, akasema naolewa, naacha. Tarehe 5 Oktoba 1980, ukumbi wa Nippon Budokan, akiwa na gauni jeupe, alimaliza wimbo huu, akainama, akachuchumaa, akailaza maikrofoni yake nyeupe sakafuni taratibu kama anayemlaza mtoto, akageuka akaondoka. Hakurudi. Hakuna tamasha la kuadhimisha miaka 10, hakuna "safari hii kweli ndiyo mwisho". Aliolewa na mwigizaji Tomokazu Miura, wakapata wavulana wawili, na yeye akazama kwenye kushona mablanketi ya viraka. Wasanii wetu mnaostaafu kila Ramadhani na kurudi jukwaani Idi Mosi, someni hapo tena.

2. "First Love" – Hikaru Utada (1999)

Hii ndiyo CD iliyonasa kwenye gari langu, wala sishangai. Albamu yenye jina hilohilo iliuza nakala zaidi ya milioni 7 Japani kwenyewe, na mpaka leo hakuna iliyoipita. Lazima mojawapo ingevuka bahari. Hikaru, mzaliwa wa New York na binti wa mwimbaji Keiko Fuji, alikuwa na miaka 16 tu, lakini analililia penzi kama mjane aliyemaliza eda juzi. CD yangu inaruka mahali pamoja tu, nako ni katikati ya wimbo huu. Nikiwa kwenye foleni ya Mwenge, ikifika pale ikaanza kugonga, namwonea huruma mtu nisiyemjua. Aliachwa, huyo. Hakusahau CD, alishindwa kuishi nayo.

1. "Ue o Muite Arukō" – Kyu Sakamoto (1961)

Hapa sibishani na mtu. Rokusuke Ei aliandika maneno yake akiwa amevunjika moyo, baada ya maandamano ya kupinga mkataba wa usalama na Marekani kushindwa. Mtu anatembea ameinua uso, na si kwamba anahesabu nyota, anazuia machozi. Hachidai Nakamura akautilia muziki mchangamfu, Kyu akauimba kwa tabasamu na kuupigia mluzi. Ndivyo walivyo Wajapani karibu katika nyimbo zote hizi: mdundo wanakupa ucheze, msiba wanauficha kwenye maneno. Sasa ona mambo: Juni 1963 wimbo huohuo, kwa Kijapani mwanzo mwisho, ukawa namba moja Marekani kwa wiki tatu. Ila jina liliwashinda Waingereza walioutoa kwao, wakauita "Sukiyaki", chakula cha nyama ya ng'ombe, na Wamarekani wakalichukua jina hilohilo. Humo ndani hamna nyama wala mfupa. Ni kama mtu auze "Malaika" Tokyo kwa jina la "Chipsi Mayai".

Kyu alikufa tarehe 12 Agosti 1985, akiwa na miaka 43, ndege namba 123 ya Japan Airlines ilipoanguka mlimani na kuua watu 520. Marekani wimbo wake bado unaitwa "Sukiyaki".