Namna ya Kumkamata Mtunga Kamusi

Kila mpenzi wa kamusi ana hamu moja ya siri: kumfuma bingwa wa maneno amekosea. Hamu hiyo si dhambi, lakini ina adabu zake. Uwanja mzuri wa mazoezi ni kamusi ya Kiingereza ya Samuel Johnson, iliyotoka London mwaka 1755 katika majuzuu mawili mazito yenye maneno zaidi ya 42,000. Fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Jua unachokisaka. Fungua neno flaw. Kwanza Johnson analieleza kuwa ni ufa katika kitu chochote, kisha dosari, kisha upepo mkali unaovuma ghafla. Kwamba ufa na dosari ni ndugu, Mswahili hahitaji kuambiwa. Alishaonywa utotoni kuwa asipouziba atajenga ukuta. Upepo nao una funzo lake, kwani huvuma ukapita. Kwa hiyo ukikuta kosa, lipime kwanza: ni ufa ulioshuka hadi kwenye msingi, au ni upepo tu?

Hatua ya 2: Achana na maneno magumu. Hayo mtunga kamusi huyakeshea. Kosa hujificha kwenye neno ambalo kila mfanyakazi wa zizini analijua. Pastern ni kipande cha mguu wa farasi kilicho juu tu ya ukwato. Johnson aliandika kuwa ni goti.

Hatua ya 3: Nenda na nahodha. Chomboni kuna upande wa joshi, unakotoka upepo, na upande wa demani, unakoelekea. Waingereza huziita windward na leeward. Johnson alizipa maana moja: zote mbili kuelekea upepo. Nahodha atakayegeuza tanga kwa kuifuata kamusi hiyo atawaogesha abiria wake. Kosa hili linafundisha kuliko jingine lolote: neno la kazi huulizwa kwa mwenye kazi. Anayetunga kamusi na ashuke bandarini, aingie jikoni, akae na fundi kwenye benchi lake.

Hatua ya 4: Mkabili mwenyewe. James Boswell, aliyeandika maisha ya Johnson, anasimulia kwamba bibi mmoja alimuuliza bingwa huyo imekuwaje akaita pastern goti. Johnson alikuwa na watu wengi wa kuwasukumia lawama: wachapaji, na wasaidizi sita waliomnakilia dondoo. Hakumtaja hata mmoja. Alijibu kwamba ni ujinga, ujinga mtupu. Msakaji hukwama hapo, kwa kuwa aliyekiri hasutiki. Ufa ukazibwa katika toleo la 4, mwaka 1773, miaka 18 baadaye. Ningependa jibu lile libandikwe mlangoni mwa kila ofisi ambamo kosa hupewa kila jina isipokuwa lake.

Hatua ya 5: Chagua jina la kosa kwa haki. Kiswahili kimetujalia mengi, na hayalingani. Doa hukaa juu ya nguo, likafuliwa. Kilema hukaa mwilini. Kasoro ni upungufu tu: saa tatu kasoro robo si saa mbovu, imebakiza dakika 15. Ninalolipenda mimi ni walakini. Lilianza kama kiunganishi, ndugu wa lakini, likapanda cheo likawa nomino. Nalo lina sharti zuri, kwamba haliwezi kutangulia. Hatusemi mtu ana walakini mpaka awe na jema la kusimuliwa kwanza: mpishi hodari, walakini, fundi mwaminifu, walakini. Ndani ya neno hilo la lawama kuna sifa iliyokwisha kutolewa.

Johnson ana walakini. Alifanya kazi ile kwa takriban miaka tisa, na sehemu kubwa ya kamusi yake imesimama imara hata leo tunapoikagua kwa kurunzi.

Hatua ya mwisho: Chukua penseli. Pembeni mwa ukurasa, eleza neno pastern wewe mwenyewe, bila kosa. Ukimaliza, yamebaki zaidi ya 42,000.