Sifa za Tangazo Lenye Haya

Ninamsifu msemaji ambaye hajawahi kusifiwa na mtu: tangazo la dawa ya kwapa ya wanaume. Likitokea kwenye televisheni, wenye heshima zao hubadilisha chaneli. Mimi huongeza sauti.

Mnaokaa mtaa wa Golf mnaijua shida linayoitatua. Ni Oktoba, mvua bado, jua la Lubumbashi limemkuta bosi ndani ya suti ya vipande vitatu, na Jumapili pasta anaamuru mikono yote iinuliwe juu. Nani atamwambia? Zamu wa getini husimama upande unakotoka upepo, na saluti yake haina kasoro. Dereva hufungua vioo vyote, anasema anaokoa mafuta. Mama watoto ndiye mwenye haki ya kusema, lakini asubuhi ameshaomba pesa za minervali, na mke mwenye akili hafikishi mashtaka mawili kwa siku moja.

Zamani kazi hiyo ilikuwa ya mtani. Mtani wa kabila lingine, au mjukuu kwa nkambo wake, aliweza kukwambia mbele za watu kwamba unanuka beberu. Ukacheka, ukamnunulia bia moja baridi ya Simba, ukaenda kuoga. Lakini kuta za Golf ni ndefu, juu zina seng'enge, na mtani haingii bila kuandikwa jina kwenye daftari. Kilichobaki wazi ni dishi la satelaiti. Basi tangazo likapitia darini.

Na adabu lililonayo! Kwapa halitaji kamwe. Linaonyesha mlima, pikipiki, kijana anayetoka majini akiwa amekunja uso. Chupa ni nyeusi, na jina lake ni barafu, au mkaa, au umeme. Wakileta siku moja yenye jina la kobalti, Golf nzima itapanga foleni. Sisi hatuna mdomo wa kulaumu ujanja huo: timu yetu ya mpira ya hapa mjini ilibeba kombe la vilabu la Afrika mwaka 1967 na 1968 ikiitwa Englebert, jina la kampuni ya matairi, na wazee wazima walilia kwa furaha bila kuona ajabu yoyote.

Nasaba yake nayo si haba. Mwaka 1919, Marekani, James Webb Young aliandika tangazo la dawa ya kwapa ya Odorono katika jarida la Ladies' Home Journal, akiwaonya wanawake kwamba huenda wananuka na hawajijui. Wasomaji wapatao 200 walikatisha usajili wao kwa hasira. Mauzo ya Odorono yakapanda zaidi ya maradufu. Wanawake, basi, waliambiwa usoni. Ilipofika kwa wanaume, sauti ikashuka ghafla. Mwaka 1935 ikatoka Top-Flite, ndani ya chupa nyeusi (mnaona nyeusi hiyo ilikotoka), na kwa kuwa uchumi ulikuwa umeporomoka, mwanaume alitishwa kwa kufukuzwa kazi. Baadaye Alfred McKelvy akauza Sea-Forth katika vibuyu vya kauri vya whisky, kwa sababu hakuona kitu cha kiume kuliko whisky. Yaani mwanaume alikuwa radhi aonekane mlevi kuliko aonekane msafi.

Ustadi mkubwa kuliko wote ulikuja mwaka 2010. Isaiah Mustafa, kifua wazi, akasimama bafuni kuitangaza Old Spice, na maneno yake yote akawaelekezea wanawake. Mwanaume aliyekaa kwenye kochi hakuguswa hata kidogo; alikuwa anasikiliza mazungumzo ya watu wengine. Mama watoto, ambaye tangu Oktoba alikuwa hajapata pa kuanzia, akapata: "Papa, na wewe tununue ile ya yule kijana?"

Papa hatakubali hapo hapo, hilo lieleweke. Atakohoa, atauliza bei ya dola, atarudi kwenye habari. Baada ya siku chache atamtuma dereva dukani na maelezo marefu yasiyoombwa: si yake, ni ya mpwa wake aliyekuja kutoka Likasi. Ukiwauliza wauzaji, dawa zote za kwapa zinazoingia Golf ni za mpwa huyo wa Likasi. Sijabahatika kukutana naye, lakini katika Haut-Katanga nzima hapana shaka ndiye mtu anayenukia kuliko wote.