Matamshi Mazuri Yaliniponza

Jimbo la Texas halimpi mtoto cheti cha sekondari mpaka awe amesoma kwa miaka miwili lugha moja isiyo Kiingereza. Ni sheria nzuri na sina ugomvi nayo, ila walioitunga hawakuwa wametufikiria sisi wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Mimi nilipoingia darasa la tisa huko Houston nilikuwa na Kibembe cha bibi, Kiswahili cha kambini, Kifaransa cha shuleni na Kiingereza cha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Kambi yetu ipo Kasulu, mkoani Kigoma, tangu 1996, lakini shule zetu zilifuata mtaala wa Congo. Ndiyo maana tulikaa Tanzania tukikariri mito ya Congo kwa Kifaransa. Mshauri wa wanafunzi aliitazama karatasi yangu, akanitazama na mimi, kisha akanieleza kwa upole mkubwa kwamba nina upungufu wa lugha za kigeni.

Nilimwomba Kifaransa. Darasa la Kifaransa lilikuwa limejaa. Kiswahili hakikuwamo kwenye orodha. (Sheria hiyohiyo inakubali pia mtoto asome lugha za kompyuta badala ya lugha za watu. Kibembe hakuna aliyekitaja.) Kikabaki Kihispania.

Sasa, neno “kigeni” lilinishangaza kidogo, kwa sababu tulikuwa tumepangishwa nyumba Gulfton, upande wa kusini-magharibi wa jiji, na Gulfton lugha ya kigeni ni Kiingereza. Kinyozi, fundi wa matairi, kanisa la kona, mama anayeuza pupusa kwenye kibaraza cha ghorofa ya chini, matangazo ya paka aliyepotea, vyote ni Kihispania. Wahonduras, Wasalvador, Waguatemala na Wamexico ndio wenyeji wetu. Mmarekani mwenye macho ya bluu akipita pale, watoto wanamtazama.

Halafu kulikuwa na suala la jina. Ninaitwa Espérance. Kule kwetu Fizi, huko Kivu, ukirusha jiwe sokoni litawapata akina Espérance watatu kabla halijatua. Karani wa shule aliandika jina hilo alivyolisikia, mwingine akalirekebisha alivyoona inafaa, na lilipofika kwenye kompyuta nilikuwa Esperanza. Kompyuta ikaona Esperanza, anaishi Gulfton, hajui Kiingereza. Ikapiga hesabu zake. Ikanipeleka kwenye darasa la watoto wanaozungumza Kihispania nyumbani, ambao wanakuja shuleni kujifunza kukiandika na kusoma riwaya.

Siku ya kwanza mwalimu aliagiza kila mtu asimame ajitambulishe. Nilikuwa safu ya nyuma, na katika shule za wakimbizi tunafundishwa mapema kwamba asiyeelewa afuate wenzake. Nikasikiliza kwa makini. Msichana aliyekuwa mbele yangu alisimama akasema, “Me llamo” fulani “y soy de Honduras.” Zamu yangu ilipofika nilisimama nikasema sentensi hiyohiyo nzima, nikibadilisha jina tu.

Hapo ndipo uzuri wa matamshi yangu ulipoanza kuniletea taabu. Kihispania kina irabu tano, a, e, i, o, u, na zinasomwa vilevile tunavyozisoma sisi tangu chekechea, bila kukunjwa wala kuvutwa. Mmarekani anahitaji miaka kuacha kuitafuna “o”. Mswahili anaipata bure. Sentensi yangu ilitoka safi kabisa, safi kuliko ya aliyenitangulia, ambaye alikuwa na mafua. Darasa zima likageuka. Mtoto mweusi, anaitwa Esperanza, ametoka Honduras: wakajua mara moja kwamba mimi ni Mgarifuna.

Wagarifuna, nilikuja kujua baadaye, ni watu wa pwani ya Honduras wenye asili ya Kiafrika na ya Karibi, ambao Waingereza waliwang’oa kutoka kisiwa cha St. Vincent mwaka 1797 na kuwatupa upande ule. Houston wapo wengi. Mmoja alikuwa darasani mwetu, akafurahi mpaka akahama kiti. Akaniuliza jambo. Nikasema “sí”. Akaniuliza jambo jingine, akitaja majina ambayo sasa naamini yalikuwa ya vijiji. Nikasema “sí” pia. Akanikumbatia. Nikawa na ndugu.

Nilikaa kwenye udugu huo kwa muda usio mfupi. Ukiwa na “sí”, “no”, “ay” na uso wa kusikiliza, unaweza kuishi na Wahonduras vizuri tu, kwa sababu wao wenyewe wanapenda kuongea na hawahitaji msaada mkubwa. Kilichonitoa ni mtihani wa kuandika. Niliirudisha karatasi ikiwa na jina langu na tarehe. Mwalimu aliniita mezani, akanisemesha, akanisemesha tena polepole, akavua miwani. Kesho yake nilikuwa darasa la wanaoanza. Yule ndugu yangu aliendelea kunisalimia kwenye korido, ila kwa macho ya mtu aliyekopesha shuka.

Darasa la wanaoanza lilifundishwa na mwalimu Mtexas mrefu, mwema, ambaye ujanani aliwahi kusoma Salamanca na moyo wake haukurudi kutoka huko. Alitamka “gracias” kwa th ya Wahispania, ile th ya Watanzania wanaposema thelathini. Sisi Wakongomani tunasema salasini na hatujawahi kukosa kitu. Wenzangu wa darasa walilalamika kwamba haiwezekani meza iwe mwanamke na kitabu kiwe mwanamume. Niliwaonea huruma. Mtu aliyekulia katika ngeli, anayejua kwamba mti na mtu ni mbalimbali, na kwamba kisu kikiongezeka ni visu lakini kiatu cha mtu mmoja hakimtoshi, hawezi kushtushwa na mafungu mawili tu. Hata “ser” na “estar”, vitenzi viwili ambavyo Mwingereza anaviona kitu kimoja, kwetu ni “ni” na “yuko”. Baba ni fundi. Baba yuko kazini. Kwisha.

Kwa hiyo nilipata alama nzuri, na alama nzuri zikanifikisha nyumbani nikiwa mtaalamu.

Tatizo ni kwamba utaalamu wenyewe ulikuwa wa watalii. Kitabu chetu kilimwandaa mtu anayeshuka kituo cha treni cha Madrid akiwa na sanduku moja na njaa. Tulijua kuuliza maktaba iko wapi. Tulijua kuagiza wali wenye kamba na kome. Tulijua kukata tiketi ya kwenda Toledo na kurudi. Gulfton hakuna treni ya Toledo. Kuna basi, na hata kwenye basi Kihispania changu kiliniponza: Texas ilikuwa sehemu ya Mexico mpaka vita vya San Jacinto mwaka 1836, na majina ya Kihispania yamebaki kila barabara, lakini yanatamkwa Kitexas. Nilimwomba dereva anishushe San Jacinto, kwa ile “j” ya kukohoa aliyotufundisha mwalimu, kwa ufasaha ambao ungempendeza mtu yeyote wa Salamanca. Dereva akasema mahali hapo hapajui. Tulipapita akiwa anasema hivyo.

Mama hakutaka kusikia habari za Toledo. Mama alitaka unga.

“Wewe si unasomaka Kiespanyoli?” akaniambia Jumamosi moja. “Twende dukani.”

Njiani niliiandaa sentensi yangu, nikaipima, nikaipiga pasi: natafuta unga wa mahindi meupe, tafadhali. Duka lilikuwa la bibi mmoja wa Kimexico, mfupi, aproni ya maua. Nikamwamkia, nikaitoa sentensi. Ilitoka nzuri kupindukia. Ningeisema vibaya, bibi yule angeninyooshea kidole rafu ya tatu na tungeenda zetu. Lakini aliposikia irabu zile alifungua mikono, akaanza kuniuliza maswali ya mtu anayezungumza na mjukuu wake.

Swali la kwanza nilisema “sí”. Akaleta mfuko mkubwa wa unga. Swali la pili nilisema “sí”. Akaleta fungu la pilipili kavu, nyekundu iliyokaribia weusi. Swali la tatu lilikuwa refu na lilikuwa na neno “familia”, nikasema “sí, sí”, akashika shavu lake, akaingia nyuma, akatoka na ndoo ndogo ya mafuta ya nguruwe na furushi la maganda ya mahindi, yale makavu yanayofunika gunzi, yamepangwa vizuri ndani ya nailoni. Mama alikuwa ananitazama. Mimi nilikuwa natazama rafu. Mtaalamu hawezi kugeuka katikati akasema haelewi. Nikamwambia mama kwamba hapa unga unauzwa pamoja na vitu vyake.

Baadaye jirani alitueleza kuwa yule bibi alielewa tunapika tamale za ukoo mzima: unga unakandwa na mafuta, unafungwa katika maganda, unapikwa kwa mvuke. Siku ile hatukujua. Mama alilifungua furushi mezani.

“Hii si ni maganda?”

“Ndiyo, mama.”

“Ya mahindi?”

“Ndiyo.”

“Kule Fizi tulikuwa tunapatia mbuzi. Huku umenilipisha dola?”

Akasonga. Na unga nao haukuwa unga tuujuao. Wamexico, kabla ya kusaga, huchemsha mahindi na chokaa mpaka ngozi ya nje itoke, na ndiyo siri ya chapati zao za mahindi kushikana. Jambo hilo wamelifanya tangu enzi za kabla ya Wahispania na linaongeza virutubisho, lakini kwenye mwiko linakuja na tabia zake. Bugali iligoma kukaza, ikawa inang’ang’ania sufuria. Baba alikata tonge, akachovya kwenye sombe, yaani kisamvu, akatafuna kwa heshima. Mdogo wangu hakuwa na heshima hiyo.

“Hii bugali iko na harufu ya nyumba mupya,” akasema.

Sombe iliisha. Bugali ilibaki katikati ya meza, nyeupe, imepakwa chokaa, inangoja wapangaji.

Mwisho wa mwaka ukaja mtihani wa mazungumzo. Mada ilitoka kwenye kitabu: eleza likizo yako ya mwisho. Wenzangu walikwenda Galveston, wakaogelea, wakala aiskrimu. Mimi safari yangu ilikuwa moja tu, nikaieleza hiyo, kwa wakati uliopita kama alivyotaka. Nikasema tulitoka Kasulu kwa basi. Nikasema tulikuwa na mfuko mweupe wa plastiki wenye herufi za IOM, shirika la uhamiaji, na tulikatazwa kuuachia. Mwalimu alikuwa na maswali yake yaliyochapishwa, hana ruhusa ya kuyaacha.

“Ulisafiri na nani?”

“Na familia yote, na vyeti vya chanjo.”

“Hoteli ilikupendeza?”

“Tulilala kwenye viti vya uwanja wa ndege. Vilikuwa safi.”

“Safari ilikuwa ghali?”

“Bado tunailipa,” nikasema, na ndivyo ilivyokuwa, maana nauli yetu ya kwenda Marekani ilikuwa mkopo, na barua za kukumbusha zilifika kila mwezi.

Akameza mate. Swali la mwisho liliuliza kama ningependa kwenda tena. Nikasema hapana, asante. Nilipata alama zote za vitenzi.

Wakati huo wote mama alikuwa amepata kazi chumba cha kufulia cha hoteli, kukunja mashuka na akina mama wa Honduras na El Salvador. Hakuwa na kitabu, hakuwa na orodha ya msamiati. Alianza na amri, akafuata bei, kisha magonjwa, kisha habari za waume za watu, na nadhani huo ndio mpangilio ambao wizara za elimu zingeuiga. Kabla sijamaliza mwaka wa pili alikuwa ananirekebisha jikoni. Tena Kihispania chake kilikuwa cha “vos”, yaani wewe. Kitabu chetu kilitukaza na “vosotros”, yaani ninyi, ambayo kuanzia Mexico mpaka Argentina hakuna anayeitumia nyumbani kwake, lakini “vos”, ambayo majirani zetu wa ukuta mmoja waliisema mchana kutwa, hakikuigusa. Mama alinisaidia insha. Niliandika “vení”, yaani njoo, mwalimu akakata kwa wino mwekundu, akaandika “ven”.

“Mwalimu wako alijifunzia wapi?” mama akauliza.

“Hispania.”

“Ah,” akasema, kwa sauti ya kumsamehe.

Kikao cha wazazi cha mwaka wa kwanza nilikuwa nimekiendesha mimi mwenyewe. Mwalimu alizungumza Kiingereza, mama Kiswahili, na mimi nikakaa katikati nikitafsiri. Alipoeleza kwa kirefu, akihesabu mambo kwenye vidole, nilimwambia mama: “Anasema ninajitahidi.” Mama aliporidhika na kumshukuru, nilimwambia mwalimu kwamba mama amesikitika sana na atachukua hatua. Kila mtu alitoka amefurahi.

Mwaka wa pili nilikaa kwenye kiti kilekile. Mama hakuniangalia. Alimpa mwalimu mkono, akamsabahi kwa Kihispania, akamuuliza habari za mama yake. Mwalimu akang’aa. Akajibu kwa th zake zote, mama akarudisha kwa “vos” zake zote, wakaelewana vizuri kuliko nilivyowahi kuelewana na yeyote kati yao. Nikaokota maneno machache: “mwaka jana”, “kuongea”, “dirishani”.

Mama akanigeukia.

“Mwaka ile ulinielezaka alisema nini?”

Sikupata neno katika lugha yoyote kati ya tano. Mama akavuta kiti mbele, akaweka mkoba sakafuni, akamwomba mwalimu aanze upya, polepole, tangu Septemba.